Alivyosema Bibi Kokubanza

Ephrasia hakuwa mwongo. Tuliweke hilo wazi mapema, maana wapo watakaomsema. Alilelewa Kishanda na shangazi asiyeruhusu neno kali litoke nyumbani mgeni akiwapo, na malezi ya namna hiyo mtu hayavui akifika kazini.

Alikuwa mhudumu wa afya katika zahanati ndogo huko Muleba. Alipima uzito, alifunga vidonda, na zaidi ya yote alikuwa mdomo na masikio ya Daktari Najibu. Najibu alitokea Kondoa, na kwa miaka miwili Kihaya chake kilikuwa hakijavuka salamu. Wazee walieleza maumivu yao kwa Kihaya, Ephrasia akatafsiri. Daktari alijibu kwa Kiswahili, Ephrasia akatafsiri tena.

Najibu huyo alikuwa na jambo ambalo wakubwa wengi hawana: alitaka kuambiwa makosa yake. Alichapisha fomu za maoni, akaweka sanduku, na kila Ijumaa mchana alizisoma moja moja, kalamu mkononi. Mtu mmoja aliandika kwamba benchi la kusubiria linaumiza mgongo, na Jumatatu fundi alikuwa pale akipigilia egemeo. Hata wafanyakazi wenzake aliwaomba wamwandikie kasoro zake. Ephrasia aliandika, "Daktari anajituma sana, apumzike." Ukiombwa umkosoe mkubwa wako, wewe ungeandika nini?

Shida ni kwamba wazee wengi hawakuandika wenyewe. Walimwambia Ephrasia, naye akawajazia. Mzee akisema daktari anamfokea kama mtoto, fomu ilisema daktari ni makini. Mama akisema hakuelewa hata neno moja, fomu ilisema maelezo ni ya kitaalamu. Kila Ijumaa Najibu alitoka ofisini akitabasamu, na Ephrasia aliona amewatendea wema wote, daktari na wagonjwa.

Mwezi wa pili akaja Bibi Kokubanza, mjane mwenye kibanja cha migomba na kahawa, jirani wa yule shangazi. Sukari yake ilikuwa juu. Najibu alimpa dawa za miezi mitatu, akamweleza kwa haraka kwa sababu foleni ilikuwa imefika nje: aache ndizi, maana akiendelea nazo dawa hazitamsaidia. Ephrasia akatafsiri. Bibi akasema ndiyo, na ndiyo ya mzee mbele ya koti jeupe sisi wote tunaijua.

Nje, penye fomu, alisema mengine. "Andika, mwana wange. Ebitoke, ndizi zetu, ndiyo chakula. Anayenikataza ebitoke amenikataza kula. Mimi nitakula, na dawa zake nitaziacha, kwa sababu amesema haziendi pamoja."

Ephrasia alicheka kidogo, akaona bibi anadeka tu. Akaandika, "Nashukuru kwa dawa na kwa ushauri wa chakula."

Mwezi wa tano shangazi akapiga simu kwamba Kokubanza hatoki ndani na mguu wake unanuka. Walimleta kwa pikipiki, kijana mmoja amemshika kwa nyuma asianguke. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilikuwa cheusi, na uvimbe ulishapanda hadi kwenye kifundo. Najibu alimuuliza bibi kama anatumia dawa, bibi akajibu ndiyo, na Ephrasia akatafsiri ndiyo hiyo hiyo. Gari la kumpeleka hospitali Bukoba lilikuwa limeshaitwa. Najibu akakaa kuandika barua ya rufaa huku akiisoma kwa sauti, kama ilivyokuwa kawaida yake: mgonjwa ametumia dawa kwa miezi mitatu, hali imeharibika licha ya dawa.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema afanywe nini anayemfichia mwenzake. Ephrasia alisikia mistari ile ikisomwa, akajua huko Bukoba watamtibu bibi kwa kuiamini.

"Daktari, futa hapo," alisema. "Hajameza hata kidonge kimoja. Aliniambia siku ile ile kwamba ataziacha, akaniomba niandike. Mimi nikaandika kitu kingine."

Najibu aliinua kichwa. Akauliza kama kuna fomu nyingine za namna hiyo. Ephrasia akajibu kwamba ni karibu zote alizojaza yeye.

Daktari alifuta mstari, akaandika upya, akapiga simu Bukoba kuwaeleza kabla mgonjwa hajafika. Gari lilipoondoka ndipo alipofungua droo na kutoa furushi la fomu. Hakupaza sauti, na Ephrasia alitamani angepaza.

"Miaka miwili nilidhani nawasikia wao," alisema. "Kumbe nilikuwa nakusikia wewe." Kisha akaketi. "Na mimi nimemkataza mtu chakula chake bila kumuuliza atakula nini."

Ephrasia alilia kwa aibu, na kwa hofu zaidi. Kwa siku tisa hakuna aliyejua kama mguu utabaki. Siku ya kumi Bukoba wakapiga simu: wamekata kidole kimoja, mguu umepona.

Wiki ya sita Kokubanza alirudi na fimbo na vidole tisa. Najibu alitoka nyuma ya meza, akavuta kigoda, akakaa karibu naye. Akamuuliza anakula nini, kiasi gani, nani anampikia. Foleni ilinung'unika, akaiacha inung'unike. Wakaafikiana: ndizi tatu kwa mlo, maharage, mboga nyingi, na dawa kila siku, hata siku atakayozidisha ndizi.

Mwishoni daktari alichukua fomu, akaishika mwenyewe. "Sasa naomba maoni yake," alisema. "Si juu yangu, ni juu yako, Ephrasia. Tafsiri yote."

Kokubanza alimtazama binti yule, akasema polepole kwa Kihaya, "Huyu ni mtoto mzuri. Lakini nilimpa maneno yangu, akaweka ya kwake. Kidole changu kimekwenda na adabu yake." Kisha akamwinamia na kushusha sauti. "Hilo usimwambie, mwana wange, atakufukuza kazi. Mwambie nimefurahi tu."

Ephrasia alimgeukia daktari. Akaanza na mtoto mzuri, akafika kwenye kidole na adabu yake, hakuruka neno.

"Halafu amesema hilo nisikwambie," alimalizia. "Nikwambie tu kwamba amefurahi."

Najibu akaandika yote mawili.