Siku Fundi Alipoizamisha Meli Yake

Fundi mkuu wa mitambo alikuwa ameihudumia meli ile miaka kumi na mmoja, na injini yake aliijua kwa mlio tu. Kwa hiyo nahodha aliposhuka chini asubuhi ile, jasho likimtiririka, fundi alidhani masikio yanamdanganya.

"Izamishe."

"Meli hii hii?"

"Ghalani kunawaka, na moto umekaribia shehena ya mbolea. Ikilipuka hapa gatini, hospitali iliyo ng'ambo ya barabara haibaki hata ukuta. Fungua maji ya bahari, fundi. Hatuna njia nyingine."

Fundi hakubisha. Aliwatoa wasaidizi wake wote, akashika gurudumu la vali kubwa, akalizungusha huku akiiomba meli radhi kwa sauti. Maji yakaingia kwa kishindo, yakang'oa bamba la sakafu, likambana mguu. Akavuta, wapi! Maji yakapanda magotini, yakafika kiunoni. Akamkumbuka mkewe, machozi yakamtoka.

Kule gatini, mpishi wa meli, mama wa makamo aliyekuwa na mwezi mmoja tu kazini, alikuwa akihesabu vichwa. Mmoja hayupo. Hakumwuliza mtu. Alinyakua mtaimbo, akarudi ndani.

"Fundi, unangoja nini huku?"

"Mguu, dada! Umebanwa!"

"Nimeuona. Acha kelele, sukuma."

Mtaimbo ukainua bamba, mguu ukachomoka, wakatokea juu meli ikiwa imelalia ubavu. Haikuchukua muda ikatua kwenye tope la bandari, na moto ukazimika kwa mvuke mweupe. Hakufa mtu, si melini wala mjini.

Mguu ulipopona, fundi alikwenda na mkewe nyumbani kwa mpishi. Siku tatu nzima alikuwa akipanga maneno. Alipofunguliwa mlango, yote yakayeyuka, akabaki kulia kama mtoto. Mkewe ndiye aliyesema: "Dada, umenirudishia mume wangu."

Mpishi akaona haya. "Msinifanye shujaa. Kwenye ngazi niligeuka mara mbili nikimbie."

"Lakini ulishuka," fundi akasema.

"Nilishuka."

Siku hizi fundi anafanya kazi kwenye kivuko, na watoto wake humwita mpishi shangazi. Kila Jumapili hupita kwake na boksi la vifaa, akaze bomba, atengeneze jiko. Kusipokuwa na kilichoharibika, huvuta kiti akakaa, na mpishi huendelea na kazi zake akimsimulia habari za wiki.