Vitunguu vya Milioni Nane

Kitu cha kwanza alichokiona Afriyie ni kiatu. Bwana Larbi, mhasibu, alikuwa amevua kimoja na kukiweka mezani karibu na kompyuta, kama mtu anayekusudia kumpiga nacho mtu. Kwa kawaida hesabu zikimsumbua hulegeza tai. Zikimsumbua zaidi hunywa maji. Kiatu kilikuwa jambo jipya.

Afriyie, aliyesafisha ofisi na kupika chai, aliweka ndoo chini, akaanza kupiga deki pale pale mlangoni, mahali alipokwisha piga deki asubuhi.

Kampuni ya Madam Serwaa ilikodisha viti na maturubai ya mazishi, na ilipika pia chakula cha waombolezaji. Kumasi, Ghana, watu huzika Jumamosi, kwa hiyo siku nyingine zote zilikuwa za kuhesabu viti vilivyovunjika na kuandika matumizi. Larbi alikuja kutoka Tema miezi miwili iliyopita, kwa majaribio, na alikwisha kosea mara mbili. Kosa la kwanza, ankara ilimfikia mjane wakati jeneza bado liko njiani. La pili, aliingiza mishahara ya Juni mara mbili, watu wakaonekana wametajirika na wenyewe hawana habari. Madam alimwita akamwambia kwa upole uliowatisha wote: "Larbi mwanangu, la tatu likitokea, kituo cha basi la Tema unakijua."

Na leo saa sita mchana Madam alikuwa anakuja na afisa wa benki kukagua vitabu, ili kampuni ikopeshwe lori. Saa ya ukutani ilionyesha nne na nusu.

"Dada Afriyie," Larbi aliita, "umewahi kuona kompyuta yenye mapepo?"

"Hapana, Bwana Larbi."

"Njoo uione."

Alikwenda na fagio lake la deki. Larbi akamweleza, ingawa ilikuwa wazi anajieleza mwenyewe. Alikuwa amenakili daftari la stoo mstari kwa mstari kwenye faili, akaliingiza faili kwenye programu ya uhasibu. Programu ikapima debiti na krediti, ikaona ziko sawa, ikawasha kijani. Akaposti. Hesabu zikaingia rasmi vitabuni. Alipofungua ukurasa wa faida na hasara, kampuni ilikuwa imepata hasara ya sedi milioni mia moja na kumi na mbili.

"Tukiuza viti vyote na Madam juu yake, hatufiki," alisema.

"Si ufute tu?"

"Hii haifutiki. Ukishaposti, umeposti. Unachoweza ni kuandika kinyume chake, halafu vyote viwili vinakaa hapo watu wavisome." Alisema kama mtu anayesimulia ndoa yake. "Nimeshageuza yote, nikaingiza upya. Jibu ni lile lile. Nikageuza tena. Sasa nimebaki na kiatu."

Alimpigia simu Maame Pokuaa, mtunza stoo aliyeliandika daftari. Simu ilikuwa imezimwa. Maame alikuwa mji wa Mampong kwenye msiba wa binamu yake, tena amekalia viti vya kampuni nyingine, jambo ambalo Madam hakutakiwa kulijua.

Afriyie aliishia darasa la tano. Maneno kwenye kioo yalimchelewesha, lakini namba hazijawahi kumpa shida. Hakuhitaji kutafuta. *Vitunguu, gunia 1: 8,000,000.* Chini yake, *Mafuta ya kupikia, madumu 2: 950.* Akaliambia fagio:

"Hivyo vitunguu ni mia nane."

"Umesema?"

"Ni milioni nane ya sokoni. Mafuta ni ya dukani, yana risiti. Maame anaandika kama alivyotajiwa."

Larbi aliinamia kioo, akausoma mstari ule upya. Sedi ilikwisha katwa sifuri nne yeye akiwa mtoto, lakini kina mama wa sokoni hawajawahi kukubaliana na uamuzi huo. Yeye mwenyewe kila asubuhi muuza wali na maharage humwambia "laki moja", naye humpa sedi kumi bila kupepesa macho. Ila hakuwahi kufikiri kwamba lugha ya yule mama ingeweza kuingia kwenye kompyuta.

"Vuta kiti," alisema. "Daftari hili hapa. Chumvi, laki sita?"

"Ya zamani."

"Mkaa, elfu moja na mia mbili?"

"Mpya."

"Unajuaje?"

"Muuza mkaa ana kikokotozi."

"Kuku, tatu. Zamani au mpya?"

"Hao ni kuku watatu, Bwana Larbi. Bei iko upande wa pili."

Saa sita kasoro dakika tano aliingiza faili kwa mara ya tatu. Kijani. Akaposti akiwa amefumba macho. Faida, sedi elfu kumi na nne. Akavaa kiatu.

Madam aliingia na afisa wa benki, Bi Dapaah, mwanamke mwembamba mwenye miwani inayoning'inia. Bi Dapaah alisoma mstari kwa mstari, kisha akainua uso.

"Hapa mlinunua vitunguu vya milioni nane, mkavirudisha. Mkavinunua tena, mkavirudisha. Halafu mkavipata kwa mia nane." Akamtazama Larbi. "Unapatana bei vizuri sana, kijana."

Madam naye alimtazama Larbi. Kulikuwa na nafasi ya kuisingizia programu, na Afriyie aliiona ikipita usoni mwa Larbi.

"Ni mimi, Madam," alisema. "Nilichanganya hela ya zamani na mpya. Aliyegundua ni Afriyie."

"Afriyie wa chai?"

"Huyo huyo."

Bi Dapaah alianza kucheka mpaka miwani ikamwangukia mapajani. "Mama yangu mpaka leo anatangaza nimeolewa kwa milioni ishirini. Mume wangu anaona aibu kumsahihisha." Akafunga ukurasa. "Hesabu ziko sawa. Kosa limeonekana na limerekebishwa. Tunachotaka sisi ni hicho."

Madam alishusha pumzi. "Larbi, utabaki. Lakini kabla hujabonyeza hicho kitufe chako, binti huyu asome kwanza."

Walipotoka, Larbi alijitupa kitini. "Nina deni lako la ugali wa kenkey na samaki wiki nzima," alisema. "Ungekuwepo hapa asubuhi, nisingeposti upuuzi ule hata mara moja."

Afriyie angeweza kuchukua ndoo yake na kwenda. Alikwisha ushika mpini wake. Akaiacha.

"Nilikuwepo," alisema. "Nilikuwa nimeshika kikombe chako cha chai. Ile milioni nane niliiona kabla hujabonyeza."

Larbi aligeuka na kiti chake. "Mbona hukusema?"

"Nilidhani nyinyi mliosoma mna sababu yenu."