Sefu ya Kona Iliyobonyea

Nyumba ya jirani ilipoungua hapa Linden, ughaibuni, risasi alizokuwa amehifadhi ndani zilianza kulipuka. Kostansia, aliyekimbia vita Burundi akiwa mtoto, alijilaza sakafuni akamfunika binti yake Nadine kwa mwili wake. Mumewe, Yoeli, alimwinua. Yoeli naye alikuwa na bastola, juu ya kabati la nguo.

Jumamosi walikwenda dukani kutafuta sefu ya kuifungia. Yoeli alipenda moja ndogo ya bei rahisi, lakini Kostansia aliinyanyua.

"Baba Nadine, kama mimi naibeba, mwizi atashindwa?"

Muuzaji akawaonyesha nyingine nzito, yenye kuta za kuhimili moto na matundu ya kuifungia sakafuni. Kona yake moja ilikuwa imebonyea, hivyo bei ilikuwa imepunguzwa.

"Hii tunaiweza," alisema Yoeli.

Nyumbani alikaza boliti, akaweka bastola na risasi ndani, kisha akageukia dirishani.

"Namba ya siri chagua wewe, Mama Nadine. Utaniambia utakapokuwa tayari."

Mpaka leo hajamwambia, na Yoeli hajauliza. Lakini Kostansia, aliyeacha kuimba tangu moto ule, ameanza tena kuimba akisonga ugali.