Mtaro wa Minjila

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa Februari, mwaka 1956, saa tano ya asubuhi. Jua lilikuwa kali, mbingu hazina wingu, na upepo umelala. Adano Dukicha alifika Minjila na ng'ombe wake akakuta barabara imekatwa.

Mtaro ulikata barabara ya Garsen kutoka ukingo hadi ukingo, na kina chake kilimfika mtu mzima mabegani. Vibarua walikuwa wakichimba mahali pa kulaza kalvati, bomba la kupitishia maji, kabla ya masika. Malori ya Malindi yalivushwa juu ya mbao nene. Lori likishapita, mbao ziliondolewa na kazi ikaendelea. Kushoto na kulia kulikuwa na mashamba, mahindi yamesimama. Ng'ombe aliyekanyaga mahindi hayo alikamatwa, na mwenyewe alishtakiwa. Mto ulikuwa mbele, na ng'ombe walikuwa hawajanywa tangu Jumamosi.

Adano alikuwa amefuatana na Roba, mwenye kundi jingine. Walihama pamoja kwa kuwa Sabdio, binti wa Adano, alikuwa ameposwa na Wario, mwana wa Roba. Mahari ilikwisha kukubaliwa. Harusi ilingoja mvua tu.

Nyapara wa vibarua alikuwa Godhana, mtu wa Ngao, kijiji cha wakulima. Adano alimtambua mara moja. Mwaka wa gharika, Godhana alikimbilia bomani kwa Adano na mama yake mgonjwa, akaomba maziwa. Adano aliamuru apewe nje ya boma, kwa kifuu, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba mikono yenye tope la jembe haishiki chombo chake.

"Hujambo, nyapara."

"Sijambo, Mzee Adano. Ng'ombe nao hawajambo?"

"Wana kiu. Tulazie mbao tupite."

"Mbao ni za lori. Hawa wako wana magurudumu?"

Vibarua wakacheka.

"Watakufa," Adano alisema.

"Basi leo tutakula nyama," kibarua mmoja aitwaye Tuneya alijibu kutoka mtaroni. "Maini ni yangu, msiyaguse."

Godhana alichukua koleo, akalichomeka ardhini mbele ya miguu ya Adano.

"Nimepungukiwa na mtu mmoja. Chimba kutoka hapa hadi kigingi kile, na mbao nitazilaza kwa mikono yangu."

Katika ukoo wa Adano, mzee alichimba vitu viwili tu: kisima na kaburi. Kumchimbia mwingine kwa amri, mbele ya wakwe, lilikuwa jambo ambalo hata jina halikuwa nalo, kwa sababu hakuna aliyewahi kulifanya.

"Mwanangu Godhana..."

"Mimi si mwanao. Mwanao ungempa chombo."

Adano akamgeukia Roba. Roba alikuwa akitazama kwato za fahali wake.

"Kiu ni ya makundi yote mawili, ndugu yangu," Adano alisema kwa Kiorma. "Tushike pamoja."

"Mgongo unanisumbua. Wewe bado una nguvu."

Wario alipiga hatua moja kuelekea koleo. Baba yake akamshika mkono, naye akasimama.

Adano alivua kilemba, akampa Sabdio, akashuka mtaroni.

Vibarua waliacha kazi yao ili wamtazame. Udongo ule mweusi ulikuwa umekauka kama jiwe, na koleo liliruka kila alipolipiga chini.

"Si fimbo hiyo, Mzee," Tuneya alimwambia. "Hapa huchungi ng'ombe."

"Pinda mgongo," mwingine akadakia. "Udongo hausalimiwi kwa kusimama."

Muda si muda viganja vilipasuka, na mpini ukaanza kuteleza. Huko juu ng'ombe mmoja alipiga magoti. Adano alimjua kwa mlio wake. Alikuwa wa maziwa, mama wa nusu ya kundi.

"Niache nivute pumzi," alisema.

"Vuta, Mzee, vuta hata mpaka jioni. Ng'ombe watakungoja."

Hakuvuta. Alichimba hadi kigingi.

Godhana hakuvunja ahadi. Alizilaza mbao mwenyewe, moja baada ya moja, akazipima kwa mguu zisiyumbe, kisha akainama juu ya mtaro.

"Kesho kazi inaanza saa kumi na mbili. Usichelewe."

Kabla Adano hajapata pa kushika ili atoke, kwato zilianza kupiga mbao juu ya kichwa chake. Alidhani ni ng'ombe wake. Walikuwa wa Roba. Kundi zima lilipita, vumbi na kinyesi vikimwangukia, na hakuna aliyemnyooshea mkono. Ng'ombe wake walifuata nyuma. Yule aliyepiga magoti hakuinuka.

Mtoni, makundi yote mawili yalipokwisha kunywa, Roba alimjia. Hakuwa na hasira.

"Ndugu yangu Adano, yale maneno ya watoto, tuyaache."

"Kwa kosa gani?"

"Nimekuona mtaroni. Vibarua wamekuona, na kufikia Ijumaa malisho yote yatakuwa na habari. Wajukuu wangu wataitwa kina nani?"

"Ng'ombe wako wamekunywa kwa koleo lile."

"Wamekunywa, na ninakushukuru. Lakini shukrani haizai wajukuu."

Adano alimtazama Wario. Wario alikuwa ameinamia ndama, akimtoa kupe ambaye hakuwapo.

Huko nyuma barabarani Godhana aliondoa mbao, akawarudisha vibarua kazini. Tuneya alimchinja ng'ombe aliyelala barabarani, na wenzake wakagawana nyama. Roba alipeleka kundi lake upande wa Ozi, na Wario alimfuata. Kabla hawajaondoka, Sabdio alishusha mikeka yake kutoka kwa punda wa Roba, akaibeba mgongoni. Adano aliwachunga ng'ombe wake ng'ambo ile ya mtaro hadi alipoambiwa kwamba mtaro umefukiwa, kisha akarudi kwa njia nyingine, ya mbali zaidi.