Kihisi Kinachomng'ata Daktari

Kila asubuhi, kabla wagonjwa hawajaingia, msafisha vifaa alikipangusa kihisi cha kipimo cha meno kwa pamba yenye spiriti, bila kukikunja wala kukitumbukiza majini. Ni kiutando chembamba ambacho mgonjwa hukiuma, mashine ikasoma jino lipi linabeba uzito gani. Kila kikitoka mdomoni kilipaswa kusafishwa upya. Lakini foleni ilikuwa ndefu na daktari hana subira. Alikifuta kwenye pindo la koti lake, akaita anayefuata.

Ndivyo mdogo wa msafisha vifaa alivyokiuma kikiwa na usaha wa mzee aliyemtangulia. Taya likavimba, na wiki haikuisha wakamzika. Daktari alifika msibani, akala, akasema ni kazi ya Mungu. Msafisha vifaa, dada mtu, alitamani kumtoa macho.

Aliporudi kazini, kihisi kilikuwa kimeanza kung'ata. Kikisafishwa, kimetulia. Daktari akikifuta kwenye koti, kinamng'ata kidole, na kwenye skrini inajitokeza safu ya meno yenye pengo juu kushoto.

"Huyu si mdogo wako?" daktari aliuliza huku akinyonya kidole.

"Ndiye, daktari."

"Mwambie basi aache."

"Mwambie wewe. Mimi hapa nasafisha tu."

Wagonjwa wakazoea. Waliokaa karibu na mlango waliulizana kama daktari ameshang'atwa, wajue zamu yao imefika. Alivaa glovu nene, meno yakapita. Aliagiza kihisi kipya, nacho kikarithi tabia. Mkewe akamshauri awe anamwachia dada wa watu akisafishe kila mara, yaishe. Daktari alifikiri, akaona kufunga plasta ni haraka zaidi.

Basi dada mtu akakitunza kihisi kama yai. Alikikagua kisichanike, akakiweka mbali na jua na joto, maana kihisi kilichochoka huuma kilegevu, na yeye hakutaka kichoke.

"Gumba bado hujaligusa, mdogo wangu," alikinong'oneza.

Jana kililigusa, mpaka mfupani. Daktari aliguna, akafunga plasta, akamgeukia msichana aliyekaa kitini na kumtia kihisi mdomoni hivyo hivyo.

"Uma, mama. Uma kwa nguvu."

Dada mtu alikuwa amesimama mlangoni na pamba yake yenye spiriti. Aliliangalia gumba lile tu, na roho ikamburudika.