Mtoto wa Namba Arobaini na Nne

"Mtoto? Mtoto gani anavaa viatu namba arobaini na nne?"

Nilimwambia hivyo Mama Prinsi, amesimama mlangoni pa saluni yangu, mikono yangu bado imo kwenye nywele za mteja, na wala sikupunguza sauti.

"Umri hauhesabiwi miguuni, jirani," akanijibu. "Mwanangu ana miaka kumi na saba. Sheria inasema ni mtoto."

"Sheria inasema, sawa. Mbona siku ya kumpa gari hamkuiuliza?"

Saluni nzima ikacheka. Hata Shangazi, ambaye nilikuwa namsuka na kichwa chake kilikuwa nusu msitu nusu mistari, alicheka mpaka kitana kikaanguka.

Mama Prinsi alimeza mate. Ingekuwa siku nyingine angenitukana mpaka ukoo, maana mdomo anao. Lakini siku hiyo alikuwa na shida na sisi.

"Mimi sikuja kugombana. Jumamosi anakuja afisa wa ustawi wa jamii, mahakama imemtuma kuangalia kijana analelewaje. Njooni mle, mtuseme vizuri. Ni hilo tu."

"Hilo tu," nikamwitikia, kama mtu anayerudishiwa chenji pungufu.

Ile namba ya viatu sikuiokota barabarani. Raba za Prinsi zilikuwa kwa Fundi Viatu siku ile Prinsi alipomgonga. Fundi alikuwa amekaa pale pale anapokaa kila siku, kwenye kona, chini ya mwavuli wake, mchana kweupe, watoto wanatoka shule. Prinsi akaja na gari mbio, chupa zinabingirika miguuni mwake, akapanda ukingo wa barabara, akamaliza mwavuli, akamaliza benchi, akammaliza na Fundi. Tuliokuwepo tuliona. Aliposhuka, anayumba kama kamba ya kuanikia nguo, kitu cha kwanza alichokagua ni taa ya gari.

Baada ya mazishi, mke wa Fundi, ambaye tunamwita Mama Pacha, alizunguka mtaa mzima akirudisha viatu vya watu. Hata zile raba, namba nikiisoma mwenyewe kwenye soli, alizipeleka, maana Fundi alikuwa amekwisha kuzishona. Mama Prinsi alizipokea getini kwa ncha za vidole, kama aliyeshikishwa panya.

Na huyo Mama Pacha hakuwa anataka mtoto wa mtu anyongwe. Aliniambia mwenyewe. "Nataka asimame aulizwe, ajibu kwa mdomo wake, si kwa mdomo wa wakili wa baba yake. Wanangu wakiniuliza nani alimuua baba yao, nisije nikawaambia ni bahati mbaya." Basi. Ndilo alilokuwa akililia. Na lilikuwa mikononi mwa huyo afisa: akiandika kwamba Prinsi ni kitoto kisichojua kitu, kijana anapewa nasaha, anarudi nyumbani kula. Akiandika kwamba alijua alichokuwa anakifanya, anajibu mashtaka.

Jumamosi nikaenda. Nikialikwa mahali siendi na tumbo peke yake, naenda na macho yangu.

Jamani. Walikuwa wamemvisha Prinsi sweta la shule la miaka ile, mikono imeishia kwenye viwiko. Ndevu wamemnyoa mpaka kidevu kimetoka vipele. Wamemkalisha kwenye zulia, chini, magoti yamefika masikioni, na mkononi wamemshikisha glasi ya maziwa. Maziwa! Sebuleni humo humo, siku alipotimiza miaka kumi na sita, baba yake, tunayemwita Bosi, alimpa glasi ya kwanza ya pombe mbele yetu sote, akasema, "Onja, sasa wewe ni dume." Halafu akamvika ufunguo wa gari shingoni kama medali. Dume lile sasa lilikuwa linanyonya maziwa na kutuangalia juu ya ukingo wa glasi.

Afisa alikuwa mwanamke mwembamba, kandambili safi, maneno machache. Alimuuliza Prinsi, "Siku ile ulikunywa nini?"

Bosi akajibu, "Alilishwa na marafiki."

"Namuuliza yeye."

"Ni mwoga huyu, mama. Hajazoea watu."

Shangazi akanikanyaga mguu. Prinsi hajazoea watu! Mtaa mzima tumeamshwa na muziki wake.

"Gari aliendesha mara ngapi kabla ya siku ile?"

"Gari?" Bosi akacheka kicheko cha kuazima. "Hajui hata kuliwasha. Ule ulikuwa utundu wa kitoto, aliuona ufunguo mezani akauchukua."

"Na tangu apewe dhamana hajagusa usukani? Hilo ni sharti la mahakama."

"Usukani! Anaogopa hata kupanda kama abiria."

"Hata picha ya gari haangalii," akaongezea Mama Prinsi, akajifuta jicho kavu, kisha akaenda jikoni kuhimiza chakula. Na chakula kilikuwepo, tusiseme uongo. Harufu ilikuwa imetoka mpaka barabarani kuita watu.

Hapo honi ikalia nje. Lori la viti vya kukodi limefika, waalikwa wengine wamesimama, na gari la Bosi limeziba geti. Honi ikalia tena. Mama Prinsi, kichwa chake kikiwa kwenye masufuria, akapaza sauti kutoka jikoni kama anavyoipaza siku zote za Mungu:

"Prinsi, baba! Hebu kasogeze gari, watu wa viti waingie!"

Na Prinsi, mtoto mtiifu, aliyelelewa akaleleka, akaweka maziwa chini, akasimama, akatoa ufunguo. Hakuutoa mezani. Aliutoa mfukoni mwa suruali yake.

Afisa alinyanyuka taratibu akatoka barazani, na sisi nyuma yake kama vifaranga, nani akose? Prinsi alirudisha gari nyuma kwa mkono mmoja, kiwiko dirishani, anapiga mluzi. Alipita kati ya nguzo za geti bila kuzigusa, akakata kona mpaka barabarani. Upande wa pili Mama Pacha alikuwa anatoka dukani na wale pacha. Alipouona uso nyuma ya usukani, aliwavuta watoto akawabana ukutani kwa mwili wake, mkate ukamdondoka.

Prinsi hakumwona. Alishuka, akainama mbele ya gari, akapangusa taa kwa mkono wa sweta.

Kisha ndipo akageuka akatukuta wote barazani.

"Nani alimfundisha kurudi nyuma vizuri namna hii?" akauliza afisa, kwa upole kabisa.

"Si mimi mwe..." Bosi akaanza, kifua kimetangulia, halafu akakiona alichokuwa anakisema. Akakiuma. Wapi, kimeshatoka.

"Basi nawe, mzee, utakuja kuyasema hayo mbele ya hakimu."

"Si mama ndiye kanituma?" akasema Prinsi, na ile sauti yake nzito ikaunguruma ndani ya sweta la mtoto.

"Utalisema na hilo. Lakini utaanza na la kwako. Ulikunywa, ukashika usukani, mtu akafa. Utaulizwa wewe, utajibu wewe."

Mama Prinsi alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na yeye sasa alikuwa analia machozi ya kweli. Nilitafuta huruma moyoni nikaikuta kidogo, nikaiacha ilipo. "Kaeni jamani," alisema, "chakula kitapoa."

Wengine walikaa. Shangazi alikaa, alisema chakula hakina kosa. Mimi nilivaa viatu vyangu.

Nje, afisa alikuwa amevuka barabara. Aliuokota mkate, akaupangusa mfuko, akampa Mama Pacha kwa mikono miwili. "Nimeona, mama," alimwambia. "Nitaandika nilichokiona. Mengine atayaamua hakimu, lakini kuhusu kujua, kijana huyu anajua." Akaenda zake bila hata kuonja maji ya nyumba ile.

Mama Pacha hakucheka, hakupiga vigelegele. Mmoja wa pacha alivuta gauni lake.

"Mama, ndiye yule?"

"Ndiye. Ataulizwa."

Aliangalia ile kona isiyo na mwavuli tena. Kisha akanigeukia mimi, niliyekuwa nimesimama pale kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

"Harufu yote ile, wewe umekula?"

"Nimekula aibu ya watu tu, dada."

"Hiyo haishibishi." Akafungua mlango wa kwake kwa bega, mkate kwapani. "Ingia, nawa mikono, tule."