Friji Tatu na Mama Mkwe

Mwalimu wa chekechea alikuwa mvumilivu, lakini uvumilivu nao una mpaka wake. Mumewe, fundi wa friji, alikuwa amejaza chumba cha wageni friji tatu zilizokufa. Wenyewe walizitelekeza kwake waliposikia hazitengenezeki, naye kila akiulizwa alijibu, "Ngoja, mama watoto, zitafaa tu." Mwaka wa pili huo. Na Jumamosi hiyo mama mkwe alikuwa anakuja kukaa mwezi mzima.

"Baba watoto, chagua," mwalimu alisema. "Alale mama yako au zilale friji."

Fundi akajikuna kichwa. Mama ni mama. Jumamosi asubuhi wakaazima mkokoteni, wakapakia friji kubwa kuliko zote na kuisukuma hadi korongoni, mtaa mzima ulikotupa vitu usivyovitaka.

Mwalimu akachungulia chini. Magodoro, meza zisizo na miguu, sofa iliyobinuka kifudifudi. Mwezi uliopita mvua ilinyesha, maji yakakosa njia kwa taka hizo na kuvamia kibanda cha fundi viatu. Yeye mwenyewe alimsaidia kuokota viatu vya watu vilivyokuwa vikielea.

"Turudi," akasema.

"Turudi na nini?"

"Na friji."

Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha wakaanza kupanda kilima, jasho likiwatiririka. Fundi viatu akawaona. "Jirani, mmeitoa kutembea?"

Nyumbani walimkuta mama mkwe keshafika, mkoba mkononi. Wakaishusha friji barazani, wakailaza chali. Kabla mwalimu hajaleta kiti, mama mkwe, mwanamke wa mwili, alijitupa juu yake na kushusha pumzi.

Mwalimu alitamani ardhi ipasuke. "Mama, samahani, hiyo ni..."

"Niache, mwanangu. Miaka yote nakalia viti vinavyolalamika. Leo nimepata kisicholalamika." Akaipapasa. "Imekosa mto tu. Nipe pazia kuukuu na sindano."

Kumbe ujanani alishona mito na magodoro! Mwalimu, ambaye kwa siku kadhaa alikuwa hali wala halali kwa kumwogopa, alijikuta ameketi naye mkekani, wakichanachana nguo zilizochakaa za kujazia mto na kumsengenya fundi huku anawasikia.

"Utotoni alificha redio mbovu chini ya kitanda," mama mkwe alisema. "Kumi na moja! Nilizihesabu."

"Tisa, mama," fundi akalalama.

Gesi ya friji hizo fundi alishaitoa zamani kwa mashine yake. Sasa akang'oa mlango wa friji, watoto wasije wakajifungia ndani, akaweka mfuniko wa chaga za kitanda zenye mianya. Siku ya tatu benchi likawa tayari, na tumboni mwake zikaingia blanketi zote za nyumba.

Friji ya pili ilipakwa rangi ya manjano, ikapelekwa chekechea bila mlango, ikafungwa ukutani isianguke. Watoto walipanga vitabu kwenye rafu zake, na kwenye trei ya mayai wakachomeka kalamu. Ya tatu fundi viatu aliiomba kwa unyenyekevu. Waliilaza juu ya matofali kibandani mwake, na viatu vya wateja vikapata makao yasiyofikiwa na maji.

Maneno yakaenea. Jumamosi iliyofuata majirani walishuka korongoni na kamba kuvuta vinavyofaa. Mama mkwe alisimama ukingoni, mkono kiunoni, akiamrisha kama jemadari.

"Hiyo sofa msiivute kwa pupa! Mbao zake nzima, nimeziona!"

"Mama," fundi aliita kutoka chini, "si ulikuja kupumzika?"

"Nitapumzika mwezi ujao. Nimeshamwambia mke wako naongeza siku."

Fundi akamgeukia mkewe kwa mshangao. Mwalimu, tope hadi magotini, alikuwa anacheka kwa sauti. "Vuta, baba watoto," alisema, akikaza kamba. "Mama amesema taratibu."

Wakavuta. Chini ya sofa maji yaliyotuama yakapata upenyo, yakaanza kutiririka.